Kabla ya Kununua Upanga wa Kale, Uliza Ni wa Nani

Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti ni kuandika mihutasari ya vikao, kutunza daftari la michango na kujibu barua. Lakini kwa kuwa tumepitia chuo cha Kiislamu na Kiarabu twakisoma, watu wa Kisongo na vitongoji vyake wametuongezea kazi ambayo haimo katika katiba ya msikiti wowote, nayo ni kusoma maandishi yaliyochorwa juu ya panga na majambia. Kijana huja baada ya Alasiri na kitu kilichoviringishwa ndani ya kanga kuukuu, hukifungua taratibu barazani, kisha huuliza maswali mawili: kimeandikwa nini, na kina thamani gani? La kwanza mara nyingi twalijibu. La pili humrudishia kwa swali letu wenyewe: hiki ni cha nani?

Wageni wa namna hii wamezidi, na sababu haifichiki. Barabara itokayo Arusha mjini kwenda Makuyuni, Ngorongoro na Serengeti inapita kwetu, kiwanja cha ndege cha Arusha kiko hapa hapa Kisongo, na watalii hupenda kuondoka na kitu cha zamani. Nyuma ya watalii wamekuja madalali, na nyuma ya madalali wamefuata vijana wetu, ambao baadhi yao hawatafuti faida. Wanapenda historia, na wangependa kuwa na upanga mmoja au miwili ya kale ukutani. Hao ndio tunaowaandikia leo. Kukusanya silaha za kale ni jambo linaloheshimika katika mataifa mengi. Wajapani wameufanya kuwa elimu kamili, hata wapo wanaokusanya kile kikingio cha mkono peke yake, pasipo upanga wenyewe. Nasi katika Afrika Mashariki tuna panga zetu, majambia yetu na mapambo yake. Ila anayeanza hufundishwa bei kabla ya kufundishwa mengine yote.

Tuanze na mirathi, maana panga nyingi hutokea huko.

Familia moja ya jirani zetu, ambayo asili yake ni Pangani, ilifiwa na baba. Aliacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Katika alivyoacha lilikuwamo jambia la babu yake, ala yake imevikwa fedha, na mkanda wake bado upo. Baada ya mazishi mtoto wa kwanza wa kiume alilichukua, akasema hicho ni kitu cha wanaume. Hakuna aliyembishia. Miezi michache baadaye dalali akaja kutoka mjini na pesa taslimu mfukoni, na hapo ndipo dada zake walipopata habari. Mama yao akatujia akiwa amenyamaza kwa namna ambayo ilitutia haya kuliko kama angelia.

Katika mafungu ya mirathi hakuna fungu linaloitwa vitu vya wanaume. Kila alichokiacha maiti, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi, ni tirka, na tirka ni ya warithi wote kama alivyogawa Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa. Katika nyumba hii hesabu ilitoka nyepesi kuliko ilivyo kawaida: mafungu manane. Mama alipata thumuni yake, yaani moja. Kila mwana wa kiume mawili. Kila binti moja. Yule kaka, aliyekuwa akilishika jambia kama lake, alikuwa na robo yake tu. Robo tatu zilikuwa za mama yake na ndugu zake. Na kwa kuwa jambia haligawiki, njia zilikuwa tatu: kuliuza kwa ridhaa ya wote na kugawana pesa, kulimiliki kwa ushirika, au mmoja wao kulichukua kwa thamani iliyokubaliwa na kuachia kiasi hicho katika mali nyingine. Tutaeleza walivyofanya, lakini kwanza kuna jambo la thamani ambalo hawakulijua, na tutalifikia.

Mkusanyaji anayeanza na azingatie hili kabla hajaushika upanga na kuutazama makali. Akiambiwa kuwa ni wa marehemu baba, na aulize warithi ni wangapi na wamesema nini, hasa wa kike, ambao mara nyingi huwa hawapo barazani pale biashara inapofanyika. Wapo watakaoona kuwa huko ni kuchungulia ya nyumbani kwa watu. Sisi twaona kwamba anayenunua kwa mrithi mmoja bila ya wenziwe amenunua fungu la mmoja, na mafungu yaliyobaki ni ya wenyewe hata upanga ukiwa ndani ya kabati lake na ufunguo mkononi mwake.

Baada ya mirathi ni wakfu. Wengi wenu mmeona katika misikiti ya mwambao khatibu akipanda mimbari hali ameegemea upanga au bakora. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, akiwamo Imam an-Nawawi, wametaja katika vitabu vyao kuwa ni sunna khatibu aegemee upanga, fimbo au mfano wake. Ibn al-Qayyim naye, katika Zad al-Maad, amekataa kwamba Mtume (s.a.w.) aliegemea upanga juu ya mimbari, lililopokewa, kwa mujibu wake, ni upinde au fimbo. Hatukusudii kuamua baina yao katika ukurasa huu wa familia. Twasema tu kwamba desturi hii iliacha panga katika misikiti mingi, na baadhi ya panga hizo zilitolewa na watu waliokwisha kufa, kwa ajili ya msikiti. Kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Imamu hana mamlaka ya kukiuza, mwenyekiti hana, na katibu, Allah atuhifadhi, hana. Anayeletewa upanga wa mimbari na kuambiwa kwamba msikiti unatafuta pesa za mabati, aukatae, kisha awachangie mabati. Na kamati zenyewe ziandike. Sisi tulipopokea fimbo ya mpingo kwa ajili ya mimbari tuliiandika katika muhtasari: nani ameitoa, siku gani, na kwamba ni wakfu. Sentensi moja ya namna hiyo ingekwisha kuokoa vitu vingi.

Lipo pia suala la vitu vilivyohama bila ya ridhaa. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 nyumba nyingi Unguja zilibadili wakazi, na vilivyokuwamo vikabadili mikono. Vingine viliuzwa kwa shida, vingine viliachwa na waliokimbia, vingine vilichukuliwa. Miaka kupita peke yake hakukihalalishi kilichochukuliwa kwa nguvu. Hatumwambii mtu kwamba kila jambia litokalo Unguja lina doa, la hasha, kwani mengi yamerithiwa kwa salama. Twamwambia aulize, na ikiwa jibu linababaika, ayarudishe mapesa yake mfukoni.

Serikali nayo ina neno. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi bila ya kibali ni kosa. Mwenye kuuza upanga kwa mgeni, akijua kwamba utaondoka kwa ndege kesho yake, asijifariji kwamba makosa ni ya mnunuzi. Idara ya Malikale ipo, na ofisi za makumbusho zipo. Hapa Arusha makumbusho yamo ndani ya Boma la zamani la Wajerumani. Kwenda kuuliza hakugharimu ila nauli ya daladala.

Sasa, ni panga gani hasa zinazopatikana huku bara, na zilifikaje? Karne ya 19 misafara ya biashara ilipanda kutoka Pangani na Tanga kuja Kilimanjaro, Meru na nchi ya Wamasai, ikifuata pembe za ndovu. Waungwana wa misafara hiyo walivaa silaha zao, na baadhi yao, au wajukuu wao, walibaki. Ndiyo sababu jambia la Kiomani likakutwa katika nyumba ya mabati Kisongo, chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya shule.

Wazee wa Kiswahili walikuwa na majina yao. Upanga wa feleji ni ule mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili. Kitara ni uliopinda, wenye makali upande mmoja. Jambia ni kisu kipana kilichopinda kivaliwacho kiunoni mbele, ambacho Waomani hukiita khanjar, na ndicho kilicho katika bendera ya Oman pamoja na panga mbili zilizopishana. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa kulitengeneza na desturi za kulivaa katika orodha ya urithi wa binadamu. Majina hupotosha lakini: wakusanyaji wa Ulaya huuita kattara ule upanga wa Oman ulionyooka, wenye mpini mrefu usio na kikingio, ilhali Mswahili akisikia kitara hufikiria uliopinda. Mwenye kuulizia kwa simu aeleze umbo, asitaje jina tu. Upanga huo ulionyooka wa Oman ndio unaochezwa katika ngoma ya razha, na bapa lake jembamba hutikiswa mpaka likavuma, kwa hiyo upanga mwepesi unaopindika si lazima uwe wa bandia.

Maandishi ndiyo yanayowadanganya watu kuliko kitu kingine, na hapa twazungumza kwa uzoefu. Kijana mmoja alituletea upanga wenye mistari miwili ya Kiarabu iliyopambwa kwa shaba. Alikuwa ameambiwa kwamba ni aya ya Kursiyy. Tuliuzungusha mwangani kwa muda mrefu. Hayakuwa maneno. Yalikuwa maumbo yanayofanana na herufi, alif na lam zikirudiwarudiwa, yaliyochorwa na mtu asiyejua kusoma kwa ajili ya mnunuzi asiyejua kusoma. Upande wa pili palikuwa na mwaka uliosomeka 1120 Hijria, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na karibu ya mpini tukaona mikwaruzo iliyolingana ya mashine ya kunolea, mipya inayong'aa. Kijana alikuwa amelipa nusu ya pesa. Tulimshauri arudi akadai haki yake ya kurejesha kilicho na aibu, na muuzaji, kwa kumcha Allah au kwa kuiogopa kamati, alimrudishia.

Tarehe zina mtego mwingine mdogo. Sifuri katika tarakimu za Kiarabu ni nukta. Tundu la kutu juu ya chuma nalo ni nukta. Tumeona mtu akisoma 1300, ambayo ni sawa na mwaka 1882 na 1883 Miladia, mahali ambapo tulipopitisha ukucha tulikuta nukta moja ni ya patasi na nyingine ni shimo la kutu tu. Ya patasi ina kingo, ya kutu haina. Tena, mwaka ulioandikwa juu ya fedha ya mpini ni mwaka wa mpini. Bapa linaweza kuwa la zamani zaidi, kwani mabapa mazuri yalivikwa mipini mipya kizazi baada ya kizazi. Na usishangae kukuta alama za Kizungu. Mabapa mengi yaliyotumika Arabuni na Afrika yaliletwa na biashara kutoka Ulaya, hususan mji wa Solingen, Ujerumani. Alama ya mbwa-mwitu anayekimbia ni ya wahunzi wa huko na wa Passau, na ilikuwa ikiigwa sana. Upanga wenye alama hiyo waweza kuwa wa Mswahili halisi kwa maisha yake yote, kama vile saa ya babu ilivyo ya babu ingawa haikutengenezwa Tanga.

Ikiwa maandishi ni aya kweli, adabu yake yajulikana: isiwekwe sakafuni, isitundikwe mahali pasipofaa, na asiuziwe atakayeifanyia mzaha.

Tuje kwenye fedha. Kupamba silaha kwa fedha hakuna ubaya kwa mwanamume, Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba kichwa cha mpini wa upanga wa Mtume (s.a.w.) kilikuwa cha fedha. Dhahabu ni jambo jingine, na wanavyuoni walio wengi wameikataza. Fedha ya majambia ya zamani ilitokana kwa sehemu kubwa na kuyeyusha riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya mwaka 1780 iliyoendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo hata baada ya mwenyewe kufa, yenye uzito wa gramu 28 hivi, na ambayo sehemu tano katika sita ni fedha halisi. Fedha hiyo huwa nyeusi mabondeni mwa nakshi na hulainika pale mkono unapogusa kila siku. Majambia ya dukani kwa watalii mara nyingi huwa ya madini meupe yasiyo na fedha hata chembe, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na nakshi yake imepigwa kwa mashine, kila ua likifanana na jirani yake. Angalia uchakavu uko wapi. Mtu huchakaza mpini na mdomo wa ala. Anayetengeneza uzee wa uongo huchakaza kila mahali sawasawa.

Hapa ndipo jambia la jirani zetu lilipofika. Kabla ya kuafikiana, yule kaka alilipeleka kwa sonara mjini, akaliweka juu ya mizani, akatoa bei ya fedha kwa gramu na kuipunguzia uchafu. Ndiyo kazi ya sonara, hatumlaumu. Akilinunua atavua ala, atakata pete za mkanda na kuyeyusha. Bei ya dalali ilikuwa kubwa kidogo kuliko hiyo, na familia ikaiona kuwa ni neema. Tuliwaomba wasubiri juma moja, tukampata mzee anayevijua vitu hivi, akawaeleza kwamba jambia lililo kamili, yaani bapa, mpini, ala, pete na mkanda vilivyoishi pamoja, lina thamani isiyopimwa kwa mizani ya sonara, na kwamba likitenganishwa haliunganiki tena. Alitaja thamani. Palikuwa kimya. Thamani hiyo ndiyo waliyoitumia katika hesabu ya mafungu manane.

Usitenganishe, basi. Ukinunua ala bila ya jambia kwa kuwa ni rahisi, umemlipa mtu ili atenganishe nyingine.

Mzee yule alifanya jambo moja zaidi ambalo twalitilia mkazo: aliutazama mpini kwa muda mrefu kabla ya kusema lolote. Mipini mingi ya majambia ya thamani, ya Yemen na ya Oman, ilitengenezwa kwa kipusa, pembe ya faru. Mahitaji ya Yemen katika miaka ya 1970 ni moja ya sababu zilizowamaliza faru weusi wa Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1977 biashara ya kimataifa ya kipusa imepigwa marufuku. Katika nchi yetu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 huiita pembe ya faru na ya ndovu nyara ya Serikali, na kumiliki nyara bila ya hati ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani kwa uhujumu uchumi. Kijana wa miaka ishirini na mitano aweza kupoteza miaka ya ujana wake kwa mpini mmoja. Na Gereza Kuu la Arusha, kwa wasiojua, liko Kisongo.

Kipusa hakina mfupa ndani. Ni kama nywele zilizogandamana, na ukitazama mahali palipokatwa huona vitone vidogo vidogo, na ukitazama kwa ubavu huona nyuzi. Kikiwa kimechakaa huwa na rangi ya asali na hupitisha mwanga kidogo pembeni. Pembe ya ng'ombe au nyati ina matabaka na uvungu. Mti ni mti. Usipokuwa na yakini, usinunue, na usikubali kutunziwa au kumtunzia rafiki. Aliyerithi kitu cha namna hiyo asikifiche wala asikitupe mtoni. Aende ofisi ya wanyamapori akiwa na mtu mzima mwenye kuheshimika, aeleze kilivyofika nyumbani. Mpini wa jirani zetu, alhamdulillahi, ulikuwa wa mti.

Kwa anayetaka kuanza kwa salama na kwa pesa kidogo, sisi twapendekeza aanze na sime ya majirani zetu Wamasai. Jina la Kisongo lenyewe ni la kabila lao dogo, na kuishi hapa bila ya kujua chochote juu ya sime ni sawa na kuishi Unguja bila ya kujua karafuu. Zamani wahunzi wao, Ilkunono, pamoja na wahunzi wa Ugweno katika Upare na wa Mamba huko Uchagani, walifua kwa chuma cha kienyeji. Leo sime nyingi zinatokana na springi za magari au tupa kuukuu, na mara nyingine meno ya tupa bado yaonekana kwenye bapa. Nunua kwa mhunzi aliye hai, muulize jina lake na la baba yake, muulize chuma amekitoa wapi. Hiyo ni elimu ambayo haipatikani kwenye upanga wa miaka mia mbili usio na mtu wa kuuelezea.

Utunzaji ni mfupi kusema na mgumu kutii, kwa sababu mkono wa binadamu huwashwa ukiona kutu. Usisugue kwa msasa, usitie limau na majivu, usipeleke kwenye mashine ya kunolea. Kutu ya zamani iliyotulia ni sehemu ya ushahidi. Wajapani wana kanuni kali juu ya msuka, ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini: huko ndiko mhunzi wao huweka jina lake, na kutu ya msuka haiguswi kamwe, kwa kuwa rangi yake ndiyo inayotaja umri. Anayeusafisha msuka ameichana hati. Bapa lenyewe hulipaka mafuta mepesi sana yenye harufu ya karafuu, habari ambayo ndugu zetu wa Pemba watafurahi kuisikia. Sisi huku mafuta ya cherehani yanatosha: futa kwa kitambaa cha pamba kikavu, paka tone moja, futa tena mpaka ubaki ukungu tu. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Usishike bapa kwa kiganja, maana jasho lina chumvi. Usiuache upanga ndani ya ala ya ngozi majira ya masika, wala katika ile baridi ya Juni na Julai, ngozi inapovuta unyevu.

Na watoto. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza upanga kukabidhiwa mtu ukiwa umechomolewa alani. Utie alani ndipo umpe mwenzio, na upandishe juu kusikofikiwa na mkono wa mtoto. Mkusanyaji hana sababu ya kutembea barabarani na upanga wake.

Malipo yawe taslimu, mkono kwa mkono, kwa kitu chenye fedha. Wanavyuoni wengi wa zama zetu hawaruhusu kuinunua fedha kwa mkopo au kwa awamu, na jambia ambalo sehemu kubwa ya bei yake ni fedha linaingia katika shubha hiyo. Aliyenunua ili auze, hiyo ni mali ya biashara, na kila mwaka ukitimia ana zaka ya asilimia mbili na nusu kama imefikia nisabu. Aliyenunua ili atazame na asome, ana maelezo tofauti kuhusu fedha iliyomo, na madhehebu yamehitilafiana. Amwendee shekhe wake na uzito wa fedha ukiwa umeandikwa.

Jambia la jirani zetu halikwenda kwa kaka. Binti wa mwisho, ambaye ni fundi cherehani, alisema atalichukua kwa ile thamani aliyoitaja mzee, na akaachia fungu lake lote katika ng'ombe na sehemu ya fungu lake katika vyombo vya nyumba. Kaka alisema mwanamke atalifanyia nini jambia. Mama yao akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilifuta vumbi kwa miaka thelathini. Tuliandika makubaliano, wote wakatia saini.

Sasa limefungwa kwa kitambaa cha pamba, juu ya kabati, na halikosi mafuta ya cherehani. Chini yake kuna karatasi ambayo binti amemwandikisha mama yake yote anayoyakumbuka: jina la babu, kwamba alipanda kutoka Pangani, kwamba mkanda uliwahi kushonwa upya, nani aliushona, na kwamba lilivaliwa katika harusi tatu. Dalali amepiga simu mara mbili. Mara ya pili aliambiwa aje na mkewe wanywe chai.